Gari Moja, Wenyewe Watatu: Viti Apange Nani?

Jumamosi moja baada ya swala ya alasiri, uani kwa shemeji yangu mtaani Kaloleni, Kisumu, watu kumi na wawili walikuwa wameketi juu ya kreti za soda ndani ya mstatili uliochorwa kwa chaki. Watoto wa jirani walichungulia wakicheka, wakidhani watu wazima wamerudia mchezo wa kuendesha gari la kujifanya. Haukuwa mchezo. Ndani ya chaki ile mlikuwa na akiba ya nyumba tatu, na nyumba hizo tatu zilikuwa hazisemezani vizuri kwa wiki mbili.

Niwaeleze. Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini mke wangu ni wa Kendu Bay, kule ambako Waislamu wana mizizi ya zaidi ya karne moja kando ya ziwa. Tulichanga watu watatu tukanunua gari la abiria, lile Toyota HiAce analolijua kila mtu. Wenye gari ni mimi, kaka wa mke wangu, na dada yao anayeuza samaki. Mkopo wa riba hatukuutaka, kwa hivyo kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Gari lilifika likiwa tupu ndani, sakafu ya bati, halina kiti nyuma ya dereva. Fundi wa bodi akauliza swali moja tu: "Mnataka nipange viti vipi?"

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Kwanza msomaji afahamu gari lenyewe ni nini. Sisi tunaliona gari la abiria, lakini wengi wa ndugu zake waliomo barabarani mwetu walizaliwa magari ya mizigo. Kule Japani kuna kundi la usajili la magari madogo ya mizigo ambayo hayaruhusiwi kupita urefu wa mita 4.7 wala upana wa mita 1.7. Likizidi hapo, linahamia kundi jingine na gharama nyingine. Ndiyo maana HiAce ya kawaida, iliyotoka kwa umbo hili mwaka 2004, ina urefu wa mita 4.695 na upana wa mita 1.695. Imesimama ukingoni kabisa mwa sheria ya Japani. Nissan Caravan, ambayo ndiyo iliyotuachia jina la "nissani" hata kwa magari yasiyo Nissan, nayo ilikatwa kwa kipimo hicho hicho. Mwenye duka la Japani alitaka kubeba maboksi. Goti la mtu halikuwamo katika hesabu yake.

Sheria yetu ya Kenya nayo huruhusu magari yaliyotumika yenye umri usiozidi miaka minane. Basi mnunuzi wa hapa huchukua yale ambayo Mjapani ameyaacha, kisha fundi wa hapa huyageuza: hukata bati kuweka madirisha pale yasipokuwapo, hutoboa sakafu, hufunga viti. Kwa hivyo mpango wa viti unaoukuta garini haukutoka kiwandani. Ni uamuzi wa mwenye gari na fundi wake.

Tulipima la kwetu. Kutoka mgongoni mwa kiti cha dereva hadi mlango wa nyuma ni karibu mita 3. Upana wa ndani ni kama sentimita 150. Dari ni fupi, mtu mzima hasimami wima. Hiyo ndiyo nyumba nzima. Kila maoni niliyoyasikia, yangu nikiyahesabu, ni ya namna ya kugawa mita hizo.

Shemeji yangu alitaka abiria 14. Wawili mbele pamoja na dereva, kisha safu nne za watu watatu nyuma. Mita 3 ukizigawa kwa safu nne, kila safu inapata sentimita 75, na humo mna kiti, mgongo wa kiti na miguu ya anayekalia. Kwa upana, viti vitatu vya sentimita 40 vinakula 120, njia inabakia sentimita 30. Nyuma hapabaki pa kuweka hata begi.

Usimcheke shemeji. Hoja yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia. "Ustadh," aliniambia, maana huniita hivyo akitaka kunipinga kwa heshima, "tuseme nauli ni shilingi 300. Watu 14 ni shilingi 4,200. Ukiwaweka 11 ni 3,300. Hizo 900 zinazopotea kila safari atazilipa nani? Ukipandisha nauli hadi 380 na ushei, mama wa Katito atashuka, apande bodaboda ya watu watatu. Utakuwa umemsaidia au umemuua?" Sikuwa na jibu la haraka.

Dada yao alitaka abiria 11: safu moja iondolewe, nafasi ya nyuma iwe ya mizigo. Yeye amepanda magari ya njia hiyo, kutoka Kisumu kupitia Ahero na Katito hadi Kendu Bay na Homa Bay, kwa miaka mingi akiwa na magunia ya dagaa, wenyewe huwaita omena. Gunia lisipokuwa na mahali pake hupanda juu ya keria, ambako uzito huifanya gari iyumbe kwenye kona, au huwekwa njiani kati ya viti. "Siku ya moto au ajali," alisema, "gunia langu ndilo litakalowafungia watu mlango. Sitaki dhambi hiyo."

Na mimi? Mimi nilitaka fahari. Nimesafiri njia ya Nairobi katika magari ya viti vinene vinavyolala, penye tundu la kuchaji simu, nikaona na letu liwe hivyo. Nilikuja na picha katika simu yangu nikawaonyesha kama bwana mkubwa.

Mabishano haya si mapya. Wenye umri wangu wanakumbuka Februari 2004, kanuni za marehemu John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, zilipoanza kutumika: mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, na mwisho wa kusimamisha abiria. Magari madogo yaliyokuwa yakibeba watu 18 yakashuka hadi 14. Wenye magari walilia kuwa wamefilisika, magari mengi yakaegeshwa, watu wakaenda kazini kwa miguu. Nauli ilipanda. Kisha nchi ikazoea, na leo anayetetea 14 anazungumza kana kwamba namba hiyo iliteremka na mvua.

Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali iliamuru gari la abiria 14 libebe watu 8. Nauli ilipanda tena, na abiria akagundua kuwa ndani ya gari lile lile mguu unaweza kunyooka. Mwaka 2021 watu wakarudi kujazana. Viti havikuwa vimesogezwa hata inchi moja. Ni hesabu ya watu tu iliyobadilika.

Lakini kuna jambo ambalo sisi watatu tulikuwa hatujaligusa, na fundi ndiye aliyetushtua. Alituinamisha chini ya gari akatuonyesha sakafu. Bati lile ni jembamba. Kiti kikifungwa kwa bolti juu ya bati peke yake, kinakaa vizuri kwa miaka, hadi siku gari litakapogonga. Siku hiyo uzito wa watu watatu unavutwa mbele kwa ghafla, na bolti zinachana bati kama karatasi. Safu ya nyuma inaikumba ya mbele, na mkanda uliofungwa kwenye kiti hauna maana tena, kwa sababu kiti chenyewe kimeng'oka. Dawa yake ni kupitisha bolti kwenye vyuma vinavyokatiza chini ya sakafu, au kuweka bamba nene la chuma upande wa chini ili nguvu isambae. Kenya ina kiwango rasmi cha ujenzi wa bodi za magari ya abiria, KS 372, na kazi ya fundi inapaswa kukifuata. "Wateja wangu," alisema fundi, "huniuliza rangi ya kitambaa. Bolti haniulizi mtu."

Tulitazamana. Wiki mbili tumegombana kuhusu idadi, na hakuna kati yetu aliyeuliza kiti kinashikwa na nini.

Ndipo mke wangu, ambaye hana hisa katika gari, akasema tuchore chaki. Mita 3 kwa sentimita 150, juu ya saruji ya uani, na mwanya wa mlango upande wa kushoto. Kreti za soda tukaziazima dukani, na kila mtu akapewa sentimita 40.

Tulianza na mpango wangu. Viti vinene nilivyovipenda vina upana wa zaidi ya nusu mita. Vitatu havikutosha, hata njia ikiondolewa. Vikakaa viwili viwili, safu tatu, na abiria wawili mbele: jumla 8. Shemeji akapiga hesabu kwa sauti: ili kupata shilingi 4,200, kila mtu alipe 525. "Kutoka Homa Bay?" akauliza. Nikaifuta picha simuni.

Kisha mpango wa shemeji. Safu nne, watu kumi na wawili. Walitosha. Mimi mwenyewe nilikaa safu ya tatu, na magoti yangu yakagusa mgongo wa aliyekuwa mbele yangu. Na tulikuwa hatujaweka "sambaza", ule ubao ambao makanga huulaza juu ya njia ili safu ya watatu ibebe wanne. Sentimita 150 kwa watu wanne si hata 38 kila mmoja.

Halafu akaja shangazi wa mke wangu. Bibi huyu hutoka Kendu Bay kila mwezi kwenda kliniki ya hospitali kubwa ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo watu wa Kisumu bado huiita "Russia" kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya zamani. Goti lake la kulia halikunjiki. Watu humwambia akae mbele na dereva, lakini kwenye HiAce kiti cha mbele kiko juu ya gurudumu. Lazima upande kama ngazi, naye hawezi. Kwa hivyo hukaa nyuma na kulipia viti viwili ili mguu upate pa kwenda.

Alisimama penye mwanya wa mlango, akatazama chaki, akajaribu kupita sentimita 30 za njia kwa fimbo yake. Hakufika safu ya pili. Hakulalamika. Alisema tu, "Mkwe wangu, hili nalo nitalipia mara mbili?"

Shemeji alikuwa wa kwanza kusimama. Alichukua kreti tatu za safu ya nne akaziweka kando. Safu tatu zikapata sentimita 80 kila moja, na nyuma zikabaki sentimita 60 za magunia ya dada yake. Jumla 11.

Nisiseme uongo kwamba tulikubaliana kwa furaha. Shemeji alitoa sharti: miezi sita, nauli ile ile ya stejini, mizigo ilipiwe kwa haki badala ya kuwa bure au ya kuombana, kisha tuhesabu. Pengo likiwa kubwa, safu ya nne itarudi. Kwa hivyo fundi ameweka vyuma vya chini ya sakafu hadi mwisho wa gari, na idadi ya abiria tumeiandikisha 11, kwa sababu ukaguzi na bima hufuata namba iliyo kwenye hati, na gari lenye viti visivyolingana na hati yake ni mzigo siku ya ajali. Mimi nina wasiwasi. Pesa ni zangu pia.

Wewe msomaji ambaye huna gari, nakuachia mambo matatu ya kutazama ukipanda. Tikisa kiti kabla ya kukaa: kikicheza, shuka. Tazama kama njia ya kutokea iko wazi. Na makanga akikuletea sambaza, kumbuka kwamba huo ubao haukufungwa na kitu chochote.

Na wewe mwenye gari, kabla fundi hajatoboa bati, tafuta chaki. Kisha mwite mtu mmoja mwenye goti bovu.