Umuhimu wa Kutibiwa na Mtu Anayekufahamu

Miaka michache iliyopita mama yangu mzazi alianza kuona kizunguzungu kila aliposimama, na miguu yake ikavimba. Sisi watoto wake tulidhani ni uzee. Alikuwa anatibiwa shinikizo la damu, na kwa kuwa alikuwa akikaa kwangu mjini na kurudi kijijini, alihudumiwa katika vituo viwili tofauti. Kila alipofika alikutana na mtaalamu mpya, akaeleza habari zake upya, akapewa dawa.

Aliporudi kijijini alikwenda kwenye zahanati ambako tabibu alikuwa amemtibu zaidi ya miaka kumi. Tabibu alipomwona tu akasema, "Mama, huu si mwendo wako. Leo sikupi dawa mpya. Kesho niletee dawa zote unazokunywa." Kesho yake mama alifungua fundo la khanga, na ndani yake kulikuwa na pakiti mbili zenye majina tofauti ya kiwandani. Dawa ndani yake ilikuwa moja, amlodipini. Mama alikuwa akimeza dozi mbili kila siku. Tabibu alimwachia pakiti moja, akampangia siku za kurudi kupimwa, na baada ya majuma machache uvimbe ukapungua na kizunguzungu kikaisha.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Waliompa dawa ile walifanya kazi yao kwa kile walichokiona siku hiyo. Kilichokosekana ni mwendelezo wa huduma.

Daktari wa familia ni nani?

Ni daktari ambaye watu wa kaya humwendea kwanza, kwa ugonjwa wowote, kuanzia mtoto hadi bibi. Anafahamu historia yao, na wanapohitaji bingwa ndiye anayewaelekeza na kupokea majibu wanaporudi. Katika nchi nyingi fani hii husomewa kwa miaka kadhaa baada ya shahada ya kwanza ya udaktari. Kwetu madaktari wa aina hii ni wachache, na kazi yao kubwa hufanywa na matabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya.

Mwendelezo wa huduma una sehemu tatu:

1. Mwendelezo wa uhusiano: mgonjwa kuonwa na mtu yule yule mara kwa mara.
2. Mwendelezo wa taarifa: kumbukumbu za mgonjwa kumfuata kila aendako.
3. Mwendelezo wa mpango: wote wanaomtibu kufuata njia moja ya tiba.

Kwa mama yangu zote tatu zilikatika kwa wakati mmoja.

Wenzetu wamejifunza nini?

Nchi ya Norway ilianzisha mwaka 2001 utaratibu wa kila mkazi kuwa na daktari wake wa kudumu. Mtu huandikishwa kwa jina katika orodha ya daktari huyo, na akitaka anaweza kumbadilisha. Watafiti wa huko walichunguza kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 4, na mwaka 2021 walitoa matokeo yao. Waliokuwa na daktari mmoja kwa zaidi ya miaka 15 walilinganishwa na waliokuwa naye mwaka mmoja tu. Uwezekano wao wa kulazwa hospitali ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 28, na uwezekano wao wa kufariki pungufu kwa takriban asilimia 25. Utafiti wa namna hii hauthibitishi peke yake kwamba daktari ndiye sababu. Hata hivyo, kadiri miaka ya kufahamiana ilivyoongezeka, ndivyo tofauti ilivyokua.

Sababu zake si ngumu kueleweka. Anayekufahamu huona mapema kilichobadilika. Harudii vipimo bila sababu. Nawe humweleza mambo usiyoweza kumweleza mgeni, mathalani kwamba dawa uliacha kwa kukosa fedha.

Aidha, hatuna budi kusema upande wa pili. Mtu akikuzoea sana anaweza kupitiwa na jambo jipya, na mtumishi mmoja hawezi kuwa kazini kila siku. Ndiyo maana uhusiano mzuri pekee hautoshi. Kumbukumbu zilizoandikwa vizuri zinahitajika pia.

Hata kwetu inawezekana

Jambo hili si geni. Mama mjamzito ana kadi ya kliniki anayokwenda nayo kila hudhurio. Katika kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kila mteja ana namba, kadi na tarehe ya kurudi. Kama tumeweza kwa hao, tunaweza pia kwa wenye shinikizo la damu, kisukari na kifafa, ambao nao wanahitaji tiba ya muda mrefu.

Tufanye nini?

Kwa familia: chagueni kituo kimoja kilicho karibu na mkifanye chenu. Tunzeni daftari la matibabu la kila mtu, na mwendapo kutibiwa bebeni dawa zote, pamoja na za kienyeji. Ulizeni jina la dawa yenyewe, siyo la kiwandani tu.

Kwa watumishi wa afya: pale inapowezekana, mgonjwa wa muda mrefu apangiwe kurudi siku ambayo mtaalamu wake yupo zamu.

Kwa waajiri na kamati za vituo: kumhamisha mtumishi aliyekaa miaka mingi ni kuondoka na kumbukumbu ambayo haimo katika faili lolote. Pale uhamisho usipoepukika, apewe muda wa kumkabidhi mwenzake wagonjwa wake, jina kwa jina.

Mama yangu bado anakwenda zahanati ile ile. Siku hizi fundo lake la khanga lina daftari na pakiti moja ya dawa.