Kughushi Anwani katika Mitandao ya Mashine Pepe: Istilahi na Kinga

1. Utangulizi

Katika vyuo vya Butembo na Beni masomo ya kompyuta hutolewa kwa Kifaransa, lakini mjadala wa wanafunzi baada ya somo huendelea kwa Kiswahili au Kinande. Hapo ndipo istilahi huzaliwa, na baadhi yake huzaliwa na kasoro. Mojawapo ni "wizi wa anwani". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina hilo linapotosha, na kwamba mwenye kulitumia huelekea kuchagua kinga isiyofaa.

2. Wizi au ughushi?

Kitu kilichoibiwa hutoka mikononi mwa mwenyewe. Anwani iliyoghushiwa haitoki: mwenyewe hubaki nayo, huku mwingine akijitangaza kuwa ndiye. Wazee wetu wanaikumbuka redio ya foni, iliyotumika kuwasiliana kati ya miji wakati simu zilipokuwa adimu. Mtu aliita, wote waliofungua masafa yale wakasikia, na aliyejibu "ndimi" aliaminiwa.

Itifaki ya ARP, iliyotangazwa mwaka 1982, hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Kompyuta huuliza mtandao wote wa karibu: "Nani mwenye anwani hii ya IP?" Jibu huja na anwani ya kadi ya mtandao, yenye biti 48, nalo huwekwa katika kumbukumbu bila ushahidi wowote kudaiwa. Waliotunga itifaki hiyo waliwafikiria majirani waaminifu.

3. Hali ya mashine pepe

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi, ambayo tutaiita mwenyeji. Mahali ambapo umeme ni haba, faida yake ni dhahiri: seva moja hubeba kazi za seva kadhaa. Tuchukue mfano wa chuo chenye seva moja iliyobeba mashine pepe tatu: ya maktaba, ya alama za mitihani, na ya mazoezi ya wanafunzi. Zote zimeunganishwa na swichi pepe moja.

Mwanafunzi aliyepewa mamlaka kamili juu ya mashine ya mazoezi aweza kubadili anwani ya kadi yake kwa amri moja tu. Aweza pia kujibu maswali ya ARP kana kwamba yeye ndiye ruta. Akifanikiwa, alama zinazotumwa nje ya mtandao huo zitapitia kwake kwanza. Na kama hazikufichwa kwa msimbo, atazisoma, hata kuzibadili. Aliyeamini kwamba kuna "wizi" atakimbilia kubadili nenosiri. Lakini nenosiri jipya nalo litapita njia ile ile. Hapa ndipo kosa la istilahi linapogeuka kuwa kosa la kazi, na anayeumia ni mwanafunzi ambaye alama zake zimechezewa.

4. Kinga

Kanuni ya msingi ni moja: mgeni asiulizwe jina lake, bali mlango ndio uulizwe ni nani aliyepangiwa. Mwenyeji anajua kila mashine imeunganishwa na mlango upi wa swichi pepe. Kwa hiyo kila mlango uandikiwe anwani zilizoruhusiwa, na kifurushi chochote kitokacho na anwani nyingine kitupwe papo hapo. Mambo matatu hukaguliwa: anwani ya kadi, anwani ya IP, na majibu ya ARP.

Katika libvirt, programu inayotumika sana kwenye Linux, kuna chujio lililokwisha kutayarishwa liitwalo clean-traffic, nalo hukagua yote matatu. Ni vema msimamizi aandike mwenyewe anwani ya IP ya kila mashine; chujio lililoachwa lijifunze kutokana na vifurushi vya mwanzo laweza kujifunza uongo. Katika VMware, swichi pepe ina vipengele vya kukataa mabadiliko ya anwani ya kadi na vifurushi vyenye anwani ya kughushi. Hyper-V hukataza ughushi huo mpaka msimamizi auruhusu. Kanuni hiyo hiyo ilipendekezwa kwa intaneti nzima Mei 2000, katika waraka wa RFC 2827: mtandao usiachie vifurushi vyenye anwani za mtumaji zisizo zake.

Hata hivyo, chujio halitoshi peke yake. IPv6 haitumii ARP, hivyo inahitaji kanuni zake. Mashine mbili zinazopokezana anwani moja kihalali, ili moja ikianguka nyingine ishike kazi, zitahitaji ruhusa maalumu. Na kuficha data kwa msimbo kubaki kuwa wajibu, kwa kuwa mlinzi naye hukosea.

5. Hitimisho

Wakazi wa Beni hawahitaji kufundishwa kanuni hii. Tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, walionusurika wamesimulia zaidi ya mara moja juu ya wauaji waliovaa sare za jeshi. Hatulinganishi msiba ule na hila za kompyuta. Twasema tu kwamba alama aliyojivika mtu mwenyewe si ushahidi wa yeye ni nani. Kitenzi "kughushi" kinabeba maana hiyo barabara: kufanya cha uongo kifanane na cha kweli. Kwa hiyo tunapendekeza "kughushi anwani" badala ya "wizi wa anwani", na "mlango" kwa mahali pa kuweka kinga. Mwanafunzi akisikia maneno hayo mawili pamoja, atajua aanzie wapi.