Kutoka Nyalenda hadi New York na mtoto mdogo: maliza mambo ya pesa kabla ya kupanda ndege

Kutoka Nyalenda hadi uwanja wa ndege wa Kisumu ni safari fupi ya tuktuk. Ndege ya kwenda Nairobi nayo haimalizi hata saa moja. Kazi inaanzia hapo. Tangu Oktoba 2018 Kenya Airways huruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, na ukishapanda utakaa ndani karibu saa 15. Sasa fikiria saa hizo ukiwa na mtoto wa mwaka mmoja na miezi kumi mapajani.

Kwa muda huo wote simu yako huenda isipatikane. Hutatuma pesa, hutapokea, na nyumbani hawataweza kukuuliza lolote. Ndiyo maana tunasema: kila jambo la pesa limalizwe ukiwa bado Kisumu, mikono yako ikiwa bado mitupu.

Hesabu umri wa mtoto kabla ya kulipa tiketi

Mashirika mengi ya ndege humtoza mtoto wa chini ya miaka 2 takriban asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, kwa sababu anapakatwa. Akishafika miaka 2 lazima awe na kiti chake, na nauli mara nyingi hufika asilimia 75.

Hapa ndipo wengi huumia. Umri unaohesabiwa ni wa siku ya kila safari, siyo siku uliyonunua tiketi. Mtoto wetu wa miezi 22 akienda sasa na kurudi baada ya miezi mitatu, wakati wa kurudi atahitaji kiti. Tuseme nauli ya mtu mzima kwenda tu ni shilingi 70,000. Mtoto ataenda kwa 7,000 na kurudi kwa 52,500. Ni afadhali ujue hilo leo kuliko kuambiwa ukiwa kaunta ya ugenini.

Ukilipa kwa simu, kumbuka muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na kwa siku 500,000. Tiketi za familia zikipita hapo, muulize anayekuuzia kama unaweza kugawanya malipo kabla hujatuma chochote. Lipa kwa namba ya kampuni, usilipe kwa namba ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Ukishalipa, chukua namba ya tiketi na uicheki kwenye tovuti ya shirika lenyewe la ndege kabla ya kuondoka ofisini kwa wakala.

Pasipoti na barua

Mtoto, hata mchanga, anahitaji pasipoti na viza yake mwenyewe. Ombi la pasipoti hufanywa eCitizen, na malipo ya huduma za serikali huenda Paybill 222222. Mtu akikupa namba yake ya simu ili "akuharakishie", achana naye. Ukisafiri bila baba ya mtoto, beba barua ya ridhaa yake iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Laini yako na vidole vya mtoto

New York hakuna wakala wa kutolea pesa kama yule wa pale stejini. Beba dola kidogo za siku ya kwanza, au kadi inayofanya kazi nje. Washa romingi ukiwa bado Kenya, na uhakikishe imewaka. Ukitaka kutumia laini ya huko, usiitupe ya hapa. Kadi yenyewe ni ndogo na mtoto anaweza kuimeza.

Mtoto atataka katuni. Zipakue mapema, uweke simu kwenye hali ya ndege, na ufunge programu ya pesa. PIN ya laini ikikosewa mara tatu, utaitishwa PUK. Iandike kwenye karatasi uache nyumbani kwa mtu unayemwamini. PIN ya pesa usiiandike popote.

Ndani ya ndege

Maziwa na chakula cha mtoto huruhusiwa hata kama ni zaidi ya mililita 100, ila vitoe vikaguliwe. Omba kitanda cha mtoto mapema, na uulize uzito wa mwisho. Mtoto wa umri huu huenda ameshaupita. Ndege ikianza kushuka, mnyonyeshe au mpe kikombe. Kumeza kunapunguza maumivu ya masikio. Ndizi zimalizwe kabla ya kutua, kwani matunda mabichi mengi hayaruhusiwi kuingia Marekani.

Usimsahau dani aliyebaki nyumbani

Matapeli wanapenda sana saa hizi 15. Wakijua umesafiri, watampigia dani: "Mama mtoto amezuiliwa uwanja wa ndege, mtoto ni mgonjwa, tuma 20,000 haraka." Dani akikupigia, hupatikani. Kwa uchungu wa mjukuu, anatuma.

Kabla ya kuondoka, keti naye mfanye mambo matatu. Mwachie namba ya ndege na saa ya kutua, ajue ni lini haswa utanyamaza. Kubalianeni swali ambalo nyinyi wawili tu mnajua jibu lake. Halafu mwambie wazi: "Hata wakisema nini, usitume chochote mpaka usikie sauti yangu na nijibu swali letu." Na kama ameshatuma kwa bahati mbaya, atupigie papo hapo, asingoje wewe utue.

Ukifika, mpigie dani kwanza. Mtoto naye aseme jambo.