JE, WAJUA?

Unaweza kuuzunguka Mlima Kenya kwa gari bila kurudi ulikopita? Ukianzia Kiriaini, pita Othaya hadi mjini Nyeri, kisha Naro Moru, Nanyuki, Timau, Meru, Chuka na Embu, urejee kupitia Kutus na Karatina. Usiifanye safari hii kwa siku moja. Tenga angalau tatu, ulale Nanyuki na Meru.

Kilele cha mlima huo, Batian, kina mita 5,199, lakini wengi hurudi makwao bila kukiona kwa sababu waliondoka wamechelewa. Mawingu huanza kukifunika kabla ya adhuhuri, hivyo uwe barabarani kunapopambazuka. Epuka pia masika ya Machi hadi Mei.

Kati ya Kiriaini na Othaya punguza mwendo kwa hiari. Majani ya chai yamefika hadi ukingoni mwa lami, na wachumaji hupita kando ya barabara wakiwa na vikapu mgongoni, wakielekea kituo cha kupimia. Mjini Nyeri lipo kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki mwaka 1941. Kusini kidogo tu mwa Nanyuki utavuka ikweta.

Ugumu uko upande wa mashariki. Mteremko wa daraja la Nithi, karibu na Chuka, umeua watu wengi, wakiwemo zaidi ya 30 katika ajali ya basi ya Julai 2022. Kagua breki kabla ya kutoka Meru, shuka kwa gia nzito, na usipite hapo usiku.