Dibaga ndani ya Vim: acha kurukaruka madirisha

Leo naongea na nyie mnaojifunza C hapo intaneti kafe huku dakika za malipo zinakimbia. Kila nikimwona mtu anatafuta kosa kwa GDB nakuta kitu kile kile: dirisha moja edita, jingine GDB. GDB inamwambia imesimama mstari wa 12, anakwenda kwenye edita kuutafuta, akirudi ameshasahau alitaka kuangalia nini. Nusu saa imekwenda hivihivi, na hela pia.

GDB ni dibaga, yaani programu inayoendesha programu yako hatua kwa hatua ili uone inapoharibikia. Watu wa Emacs wanaitumia humo humo ndani ya edita tangu zamani. Vim ilikataa. Maelekezo yake yalisema wazi kuwa kuendesha dibaga si kazi yake. Marehemu Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitengeneza, (ndiye aliyewaomba watumiaji wa Vim wasaidie watoto wa Kibaale, Uganda, alikofanya kazi ya kujitolea mwaka 1994) baadaye alilegeza kamba. Toleo la 8.1, Mei 2018, likaja na Termdebug.

Tuchukue programu ya kujumlisha alama za wanafunzi 5, inatoa jumla ya ajabu. Kwanza ikompaili hivi: gcc -g alama.c -o alama. Usisahau hiyo -g, bila yake GDB haiwezi kukuonyesha mistari yako. Fungua vim alama.c, andika :packadd termdebug, kisha :Termdebug alama. Utapata madirisha 3: la GDB, la programu inapotoa majibu, na la mistari uliyoandika. Kwenye dirisha hilo la mwisho, weka kasa kwenye mstari wa kujumlisha, ule ulio ndani ya for, andika :Break, halafu :Run. Programu itasimama hapo na mstari utapakwa rangi. Peleka kasa juu ya i, bonyeza K kubwa: utaona 0. Andika :Continue, bonyeza tena K: 1. Endelea hivyo hivyo mpaka i ifike 5, na programu bado inajumlisha! C inaanza kuhesabu na 0, kwa hiyo wanafunzi 5 wanaishia 4. Umeandika <= mahali pa <. Mwizi kakamatwa.

Inawezekanaje? Tangu toleo la 7.12 la mwaka 2016, GDB inaweza kuongea na wawili kwa wakati mmoja. Wewe unaiandikia amri zako kama kawaida, Vim inasikiliza pembeni kwa lugha ya mashine iitwayo MI. Ndiyo maana ukiandika next kwenye dirisha la GDB, au :Over kwenye dirisha la mistari yako, rangi inasogea vilevile. Mimi hapo ndipo ninapoipenda: GDB haijafichwa nyuma ya vitufe, unajifunza amri zenyewe. VS Code nayo imepita njia yake, lugha moja ya dibaga zote iitwayo DAP. Ni nzuri, ila kwenye mashine yenye RAM kiduchu utatoka jasho.

Kabla hujalipia saa nzima, fungua Vim uandike :echo has('terminal'). Ikijibu 1, kaa ufanye kazi. Ikijibu 0, au ikigoma kabisa, huenda ni ile Vim ndogo inayokuja na Ubuntu. Mwombe mwenye kafe aweke Vim kamili.