Kibodi ya Kijapani haijafa, imetambulishwa vibaya

MKAZI wa Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, akipata kompyuta ya mkononi iliyotumika Japani na kuwekewa mfumo huria wa Linux, huenda akataka kuandika "ng'ombe" na kioo kikamwonyesha "ng&ombe".

Wengi wakiona hivyo husema kibodi imekufa. Lakini kupanda milima ya Ufipa hadi Sumbawanga mjini kutafuta nyingine ni gharama ambayo mara nyingi si ya lazima.

Ieleweke kwanza kwamba kitufe hakibebi herufi. Kikibonyezwa hupeleka namba tu, na mfumo endeshi ndio unaotazama jedwali la mpangilio na kuamua namba hiyo ni alama gani. Fundi akichagua mpangilio wa Kimarekani wakati wa kuweka mfumo, kompyuta itafuata jedwali hilo, hata kama vitufe vimechapwa alama za Kijapani.

Herufi A hadi Z hukaa mahali pamoja katika mipangilio yote miwili, ndiyo maana kasoro huchelewa kuonekana. Tofauti zipo katika alama. Kwenye kibodi ya Kijapani, ritifaa hupatikana kwa Shift na 7, na alama ya @ ina kitufe chake upande wa kulia wa P. Kwa jedwali la Kimarekani, Shift na 7 hutoa &, na kitufe kile cha @ hutoa mabano ya mraba. Asiyejua hilo hawezi hata kuandika anwani ya barua pepe.

Tiba yake ni fupi. Fungua mipangilio ya kompyuta, ingia sehemu ya kibodi, ongeza mpangilio unaoitwa "Japanese", kisha uondoe ule wa Kimarekani. Intaneti haihitajiki, kwani kwa kawaida jedwali hilo limo tayari ndani ya mfumo. Usichague lenye neno "Kana", maana hilo huandika silabi za Kijapani badala ya herufi zetu.

Kwa Ubuntu na Debian, anayetaka mabadiliko hayo yaenee kwa watumiaji wote aandike amri hii, afuate maswali, kisha aiwashe kompyuta upya:

sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration

Tahadhari moja ni ya lazima. Neno la siri lenye alama, lililowekwa chini ya jedwali la zamani, laweza kukataliwa baada ya mabadiliko, kwa kuwa vidole vilevile sasa hutoa alama nyingine. Kabla ya kubadili, liandike mahali linapoonekana, utazame ni alama zipi hasa zilizohifadhiwa, kisha ulifute.

Mpangilio huo peke yake hauandiki Kijapani. Anayetaka kuandika lugha hiyo huongeza programu kama Mozc, ambayo hugeuza matamshi kuwa maandishi yao.

Wenye magari kutoka Japani wanajua kwamba redio nyingi za magari hayo hukomea 90 MHz, na kupata stesheni za juu yake hulazimu kununua kifaa cha ziada. Kibodi haidai kifaa chochote. Inadai tu kompyuta iambiwe ukweli kuhusu vitufe ilivyo navyo.