Mikono Miwili, Breki Moja: Uteuzi na Ufungaji wa Breki za Kantileva kwa Waendesha Baiskeli wa Bura

1.0 Utangulizi

Anayeitazama Bura kwa mara ya kwanza huenda akajiuliza breki ni za nini katika nchi iliyo tambarare kama mkeka. Hakuna mlima wala bonde la kutisha. Hata hivyo, baiskeli ya Bura haibebi mtu peke yake. Hubeba madumu ya maji, magunia ya mahindi, kuni na abiria. Hupita juu ya kingo nyembamba za mifereji ya kunyunyizia mashamba, na hukutana na mbuzi wasiopiga hodi barabarani. Mwendeshaji wa kilo 60 aliye juu ya baiskeli ya kilo 20 ana uzito wa kilo 80 wa kusimamisha. Akifunga madumu manne ya lita 20 kwenye keria, uzito huo huwa kilo 160. Kwa mwendo ule ule, breki zake sasa zina kazi maradufu, ijapokuwa ardhi haikuinama hata shubiri moja.

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa Kiswahili, namna ya kuteua na kufunga breki za kantileva. Lengo ni la aina mbili: kumfaa mwendeshaji na fundi, na kudhihirisha kwamba maarifa ya ufundi yanaweza kuelezwa kikamilifu kwa lugha yetu.

2.0 Kwa Nini Bura, na Kwa Nini Kiswahili

Mradi wa unyunyizaji wa Bura, katika Kaunti ya Tana River, ulianza kupokea wakulima mwanzoni mwa miaka ya 1980, pamba ikiwa zao lake kuu. Wakulima hao walitoka sehemu mbalimbali za Kenya. Waliwakuta kando ya Mto Tana Wapokomo, Wailwana (ambao pia huitwa Wamalakote), Waorma na Wasomali. Ng'ambo ya mto, katika Kaunti ya Garissa, ipo Bura nyingine, nako Kisomali ndicho kinachotawala. Kipokomo na Kiilwana ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la lugha za Kisabaki, ilhali Kiorma na Kisomali ni lugha za Kikushi. Katika mchanganyiko huu, Kiswahili ndicho daraja. Fundi na mteja wake wanapokosa lugha ya mama iliyo moja, hukutana hapo.

Basi maelezo ya breki yakibakia katika vijikaratasi vilivyoandikwa kwa lugha za kigeni, yatamfikia mmoja na kumpita wa pili. Kwa breki, tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Ni tofauti kati ya kusimama na kutumbukia mferejini.

3.0 Aina za Breki Zinazopatikana

Baiskeli iliyozoeleka zaidi nchini ni ile nyeusi, nzito, iitwayo Black Mamba. Breki zake huvutwa kwa vyuma badala ya waya, na raba zake hupanda juu kuibana rimu upande wa ndani, ule unaoelekea njiti. Breki hizi ni sugu, na fundi mwenye koleo na spana mbili huzimudu. Udhaifu wake hujitokeza mvua inyeshapo, kwani rimu ya chuma ikilowa huteleza, na mwendeshaji huhitaji masafa marefu zaidi ili asimame.

Aina ya pili ni baiskeli za milimani, ambazo nyingi huingia nchini zikiwa mitumba. Baiskeli za namna hii zilipoanza kuuzwa kwa wingi ulaya na Marekani katika miaka ya 1980, breki zake zilikuwa za kantileva. Mnamo 1996 kampuni ya Shimano ya Japani ilileta breki za mikono mirefu iliyosimama, zinazojulikana kama V-breki, nazo zikaanza kuchukua nafasi ya kantileva. Ndiyo sababu katika rundo la mitumba utazikuta aina zote mbili, wakati mwingine zikiwa zimechanganywa visivyo.

4.0 Kantileva ni Nini?

Katika ujenzi, kantileva ni boriti iliyoshikiliwa upande mmoja tu, upande wa pili ukiwa umeachwa hewani. Katika baiskeli, jina hilo limepewa breki yenye mikono miwili, mmoja kila upande wa gurudumu. Kila mkono umeegemea kigingi kilichochomelewa kwenye foku au kwenye fremu, chini kidogo ya usawa wa rimu. Waya mfupi huunganisha mikono hiyo kwa juu ya tairi. Kwa kuwa waya huo hulitagaa gurudumu, mguu huku na mguu kule, napendekeza uitwe waya wa mtagao. Waya mkuu unaotoka kwenye mpini wa usukani huuvuta waya wa mtagao katikati, mikono ikafumba, nazo raba zikaibana rimu kutoka pande mbili.

Ubora wa muundo huu ni nafasi. Kati ya tairi na breki huwa na uwazi mkubwa unaoruhusu matope kupita. Mtu aliyewahi kuendesha baiskeli kwenye udongo unaonata baada ya mvua, hata akalazimika kuibeba begani, hahitaji kuelezwa faida hiyo zaidi.

5.0 Uteuzi

Kabla ya kununua, mnunuzi na ajiulize maswali matatu.

Kwanza, je, fremu na foku zina vigingi? Bila vigingi, kantileva haifungiki. Kwa hivyo, mwenye Black Mamba asishawishiwe kununua breki hizi. Foku yake haina vigingi, na umbo la rimu yake halikukusudiwa kubanwa kutoka ubavuni. Ni heri atunze breki zake za vyuma na kubadilisha raba mapema.

Pili, je, mpini unalingana na breki? Mpini wa V-breki huvuta waya mrefu takriban mara mbili ya ule wa kantileva. Ukifungwa kwenye kantileva, utauhisi mgumu mkononi, nayo breki itakuwa dhaifu. Kinyume chake ni hatari pia: mpini wa kantileva ukifungwa kwenye V-breki hulainika, ukafika kwenye usukani kabla raba hazijabana vya kutosha. Ugumu wa mpini, basi, si ushahidi wa nguvu ya breki.

Tatu, je, rimu ni ya aina gani, na imenyooka? Rimu ya alumini hushikika vyema zaidi kuliko ya chuma wakati wa mvua. Rimu iliyopinda, hata ikiwa ya alumini, itagusa raba kila inapozunguka. Kunyoosha rimu hutangulia kufunga breki.

6.0 Ufungaji

Hatua ya kwanza ni kusafisha vigingi na kuvipaka grisi kidogo. Grisi isifike kwenye rimu wala raba. Mikono ichomekwe pamoja na springi zake. Springi ya kulia na ya kushoto hazibadilishani. Vigingi vikiwa na matundu matatu ya kushikia springi, tumia tundu la katikati pande zote mbili ili mikono irudi kwa nguvu sawa.

Hatua ya pili ni kuelekeza raba. Raba iguse rimu tupu. Ikigusa tairi, itaitoboa. Ikishuka chini ya rimu, itapenya kwenye njiti na kulifunga gurudumu ghafla. Kwa kuwa mikono ya kantileva hushuka kadiri inavyofumba, raba iliyochakaa huzidi kuelekea chini. Kwa hiyo, iwekwe milimita 1 au 2 chini ya ukingo wa juu wa rimu, kisha ichunguzwe mara kwa mara. Ncha ya mbele ya raba itangulie kugusa rimu, ya nyuma ikibakia na uwazi wa milimita 1 hivi. Kipande cha karatasi ngumu kikibanwa nyuma ya raba wakati wa kukaza nati hutosha kuleta uwazi huo. Mtego huu hupunguza mlio.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha kazi: waya wa mtagao. Chukua mfano wa kamba ya kuanikia nguo iliyokazwa kati ya miti miwili. Ukiivuta katikati kwa kidole kimoja, miti yote miwili hutikisika. Kamba ikiwa imelegea na kuning'inia, utavuta kwa mkono mzima na miti isijali. Waya wa mtagao hufuata kanuni hiyo hiyo. Pande zake mbili zikifanya pembe ya nyuzi 120, kila upande hupata nguvu sawa na ile yote ya waya mkuu. Pembe ikiwa nyuzi 90, kila upande hupata takriban asilimia 71. Ikiwa nyuzi 60, asilimia 58 tu. Kwa hiyo, waya uliolala huzidisha nguvu, na uliosimama huipunguza.

Lakini hakuna cha bure. Waya uliolala hudai mpini uvutwe mbali zaidi, na raba zikae karibu zaidi na rimu. Aidha, ukilala mno hulikaribia tairi, na ile nafasi ya matope tuliyoisifu ikatoweka. Fundi hutafuta kadiri. Pale waya unapoushika mkono, pembe kati yake na mstari unaotoka kwenye kigingi ikikaribia nyuzi 90, mkono hupokea sehemu kubwa ya mvuto huo.

Hatua ya nne ni kukaza waya mkuu na kuujaribu. Vuta mpini kwa nguvu mara kumi hivi, baiskeli ikiwa imesimama. Waya mpya hujinyoosha, hivyo ukaze tena. Mpini usifike kwenye usukani hata ukivutwa kwa nguvu zote.

Mwisho, kuna tahadhari ambayo hupuuzwa sana. Waya mkuu wa mbele ukikatika, waya wa mtagao unaweza kuangukia tairi, ukanaswa na meno yake, gurudumu likakwama na mwendeshaji akarushwa mbele. Kinga yake ni ndogo: madigadi, au kipande cha bati kilichofungwa kwenye foku juu ya tairi, ili kuudaka waya huo. Baiskeli ya mtumba iliyong'olewa madigadi na rifleka imeng'olewa kinga hiyo pia.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba nguvu ya breki ya kantileva haitokani na misuli ya mkono wala bei ya kifaa, bali ulinganifu: mpini na breki, raba na rimu, waya na pembe yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wala mkono mmoja wa breki, hata ukikazwa vipi, hausimamishi gurudumu ipasavyo.

Kwa upande wa lugha, tumetumia maneno ambayo tayari yanaishi vinywani mwa mafundi (rimu, foku, keria, madigadi), tukaongeza machache tu. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani Busia miongoni mwa waendesha baiskeli, halikusubiri kikao cha kamati yoyote ya istilahi, na leo limo katika kamusi. Wanafunzi wenzangu tunaotafuta mada za utafiti hatuna budi kuketi pia chini ya mti wa fundi wa baiskeli, tukiwa na daftari. Msamiati upo pale, umepakwa grisi, nao unangoja kuandikwa.